Ubavu wa Mzee Ombati

Msinipite hapa mlangoni mkiwa mmeshika ubavu wa kushoto halafu mniambie, "Ni gesi tu, magokoro." Mimi ni nyanya yenu kweli, lakini nani amekupima? Juzi mmoja wenu alisimama hapo penye ua akanisomea kutoka kwa simu yake mambo yote yanayoweza kumuuma mtu pale juu kushoto, chini ya mbavu. Yalikuwa marefu kama ukoo. Kisha akachagua gesi, kama mtu anayechagua soda kwenye friji, akaenda dukani kununua vidonge. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza, lakini nawaambia, ugonjwa hauchaguliwi. Ungekuwa unachaguliwa, mimi ningepata ule niliokuwa nautaka kuliko kitu chochote duniani.

Kaeni basi. Zimeni hizo mashine kidogo. Jiwe halitakimbia.

Nimechonga jiwe la sabuni hapa Tabaka tangu mtoto wangu wa kwanza akiwa mgongoni mpaka wa mwisho akaniletea wajukuu. Vifaru vyangu vimepanda ndege, mimi sijapanda. Nyumba hii niliijenga kwa panga na tupa, na hakuna mwanamume anayeweza kusimama kanisani akasema alinisaidia kupandisha hata bati moja. Sisemi hivyo kwa majivuno. Sawa, ni kwa majivuno. Endeleeni kusikiliza.

Siku zetu fundi alikaa chini, miguu ameitandaza, jiwe amelibana kwa magoti, na kichwa cha jiwe amekisukuma chini ya mbavu zake za kushoto ili lisicheze. Mkono wa kulia unapiga panga. Jiwe liwe limelowa. Likikauka linakuwa na roho mbaya, linakungoja ufike kwenye masikio ndipo lipasuke. Na kabla ya kuanza, ligongegonge kwa mgongo wa panga. Likilia kama sufuria nzima, chonga. Likilia kama sufuria yenye ufa, mpe mtu usiyempenda.

Sasa, ukisukumwa na jiwe mahali pamoja kila siku, mwisho panauma. Sisi tuliyaita maumivu hayo ubavu wa jiwe. Na kwa vile binadamu akiumia lazima atafute heshima humo humo, mafundi wakatunga sheria. Karakana yetu ilikuwa paa la mabati juu ya nguzo, haina kuta. Chini ya paa walikaa mafundi, na wanagenzi wakakaa nje juani. Mwanagenzi akishikwa na ubavu wa jiwe, ilikuwa sherehe. Alipigiwa makofi, akanunuliwa soda na mkate, akaingizwa kivulini. Hakuna aliyeangalia kazi yake. Waliuliza, "Panauma?" Akijibu, "Panauma," wanasema, "Karibu, fundi." Nimeona kijana aliyechonga kiboko kama kiazi kilichokanyagwa na ng'ombe, lakini amekunja uso vizuri na kushika ubavu, wakamwingiza.

Na paa halikuwa kivuli tu. Wanunuzi wakisimamisha gari, walikuja moja kwa moja chini ya paa. Wakiuliza, "Huyu kachongwa na nani?" fundi anataja jina lake. Kazi za waliokaa juani ziliingizwa ndani, zikauzwa kwa majina ya waliokaa ndani. Twiga wangu wa kwanza, ambaye shingo yake nilichonga nikiwa nimezuia pumzi, aliondoka Tabaka akiitwa twiga wa Maranga. Maranga huyo alikuwa fundi mwenye mdomo mrefu kuliko shingo ya twiga mwenyewe.

Mimi nilizaliwa Nyaramba, kwenye majani chai. Jiwe nililikuta kwa ndoa. Wanawake hapa walipiga msasa na kuosha kwenye karai, basi. Panga lilikuwa la wanaume. Nilipolishika mara ya kwanza walicheka mpaka wakakohoa vumbi. Aliyenyamaza alikuwa Mzee Ombati, mkubwa wa karakana, ndugu wa marehemu baba wa mume wangu. Hiyo inamfanya baba mkwe wangu, na hapo ndipo penye shida.

Nyinyi mnaokaa kochi moja na wakwe zenu mkitazama mpira hamjui chinsoni. Ni heshima ya Wakisii kati ya mkwe na mkwe. Humpi mkono. Huketi karibu naye. Na mambo ya mwili, tumbo, sijui nini, hayatajwi mbele yake hata nyumba ikiungua. Kwa hiyo Mzee Ombati alinifundisha kazi kwa miaka bila kuniambia neno moja. Aliwaambia wengine. Mimi niko kule kwenye jua, yeye huku, anapaza sauti, "Maranga, mwambie yule mama sikio la kifaru si kijiko!" Na Maranga, aliyekaa katikati yetu, ananigeukia, "Amesema sikio si kijiko." Nimesikia, Maranga. Kijiji kizima kimesikia.

Nilipomwomba, kupitia kwa Maranga, niingie chini ya paa, kelele zilikuwa nyingi. Mwanamke! Tena mke wa mtoto wetu, akae kivuli kimoja na baba mkwe! Mzee alifikiri, akasema, "Akishikwa na ubavu, aingie. Sheria ni sheria. Atakaa pembe ile, mimi hii." Alisema hivyo akijua siku hiyo haitafika, kama mtu anayekuahidi ng'ombe mvua ikinyesha kwenda juu.

Mwaka uliofuata kazi ya panga ilinila kiwiko. Mkono ukawa unawaka, nami nikaanza kumeza vidonge vya maumivu vya dukani. Asubuhi viwili na chai ya rangi, bila hata kipande cha kiazi, kwa sababu nani ana wakati wa kula? Jioni viwili tena. Kisha siku moja, nikiwa kwenye pua ya kiboko, nikasikia kitu kimenichoma. Juu kushoto, chini ya mbavu. Nikashusha panga. Nikangoja. Kikachoma tena.

Jamani, nilifurahi! Nilifurahi kama mtu aliyepata mapacha. Nilisimama nikaita, "Nimepata! Panauma!"

"Panauma nini?" Maranga akauliza.

"Ubavu! Sogezeni makalio."

"Mwanamke hana ubavu wa jiwe. Huyo ni mjamzito."

"Mjamzito wa nini, Maranga, wa kiboko?"

"Basi umekula mboga za chinsaga zilizolala."

Walibishana mpaka maji kwenye makarai yakapata moto kwa jua. Wengine wakasema sheria ni sheria, wengine wakasema nadanganya. Mwisho Mzee Ombati akainua mkono. "Mwambieni yule mama kesho aende dispensari. Daktari akisema ni jiwe, ataingia. Na mimi nitaenda naye."

"Wewe uende kufanya nini, Mzee?" fundi mmoja akauliza.

"Daktari atapima wangu kwanza. Atajuaje ubavu wa uongo kama hajaona wa kweli?"

Hakuna aliyebisha. Ubavu wa Mzee Ombati ulikuwa maarufu. Wanagenzi waliletwa kuuona akiushika. Ulimuuma tangu kabla sijaolewa, na kila ulipomuuma alijinyoosha kama mtu anayepigwa picha.

Asubuhi alivaa koti lake la Sabato na kofia. Alitangulia mbele, mimi nyuma kwa umbali wa heshima, kama watu wasiojuana wanaoenda mahali pamoja. Daktari alikuwa binti wa upande wa ziwa, jina lake Atieno, hajui Kikisii hata cha kuombea maji, lakini Kiswahili chake kilinyooka.

"Nani mgonjwa?"

"Ni huyo," Mzee akasema, akinielekezea kofia. "Lakini anza na mimi."

"Wewe unaumwa nini, mzee?"

"Mimi siumwi. Mimi ni mfano."

Daktari alimtazama, akanitazama, akamlaza kitandani. Akambonyeza pale.

"Aaaa!"

"Si umesema huumwi?"

"Hiyo si kuumwa, binti. Huo ni ufundi."

Nilikuwa nimegeuka upande wa mlango kwa heshima, lakini masikio hayageuki. Nikamsikia daktari akigongagonga tumbo la Mzee kwa vidole, kidogo kidogo, akisikiliza, vile vile tunavyogonga jiwe. Nikajisemea, huyu ni fundi. Upande wa kushoto juu, tumbo lilikuwa linalia kama ngoma. Akampima presha, akasikiliza kifua, akamuuliza kama maumivu yanakuja na jasho na kubanwa kifua, au yanaenda mkononi, kwa sababu moyo nao una tabia ya kujificha nyuma ya tumbo. Akauliza homa na kikohozi, kwa sababu pafu la chini likiugua unaweza kudhani ni tumbo. Akauliza kama anakunywa pombe, kwa sababu kuna kitu kinaitwa kongosho kimelala nyuma ya tumbo, na mlevi akikiudhi kinamuuma mpaka mgongoni. Mzee alijibu yote kwa Kiswahili kizuri kabisa. Yeye ni Msabato, pombe aliiona kwa majirani tu.

Kisha daktari akauliza, "Haja kubwa ulienda lini, mzee?"

Kiswahili cha Mzee kikafa papo hapo. Mtu aliyebishana bei na wazungu na Wahindi maisha yake yote, akatazama dari, akasema kwa Kikisii kwamba hasikii lugha hiyo.

"Mama," daktari akaniambia, "hebu mtafsirie."

Wajukuu wangu, nimeteremka machimbo nikiwa na mimba. Nimemfukuza mwizi kwa tupa. Sijawahi kutoka jasho kama siku ile. Nimwambie baba mkwe wangu neno hilo? Nikaangalia huku na huku, nikaona ukuta. Ulikuwa na picha ya mama akinyonyesha.

"Ukuta," nikasema kwa Kikisii, "binti huyu anauliza mtu alienda nyuma ya migomba lini mara ya mwisho."

Mzee akasema, "Dari, mwambie ukuta ni kabla ya Sabato."

Nikamtafsiria daktari. "Sabato ipi?" akauliza. Nikauuliza ukuta.

"Mwambie ukuta si hii iliyopita. Ile nyingine."

Daktari aliweka kalamu chini. "Mnaongea na nani?"

"Na ukuta."

"Kwa nini?"

"Huyu ni baba mkwe wangu."

Akafunika mdomo na mkono. "Ala! Hata kwetu yapo hayo," akasema, na kuanzia hapo yeye pia akawa anauangalia ukuta akiuliza. Mambo yakaenda vizuri. Ukuta ulijua kwamba Mzee hula obokima, ule ugali wetu, na nyama, mboga anawaachia mbuzi. Ulijua hanywi maji mchana kutwa ili asitoke kivulini kwenda chooni mbele ya wanagenzi, maana mkubwa haonekani akikimbilia choo. Na ulijua kwamba mambo yamekuwa hivyo tangu ujana wake.

"Basi mwambie ukuta hivi," daktari akasema. "Utumbo mpana unapanda kulia, unavuka, halafu pale juu kushoto, karibu na bandama, unakunja kona kushuka. Mtu akifunga choo, gesi inakwama kwenye kona hiyo na panauma kama kuchomwa. Ubavu wa mzee hauna shida. Ni choo kimefunga. Ale mapapai na mboga, anywe maji, nitampa dawa ya kulainisha. Akiona damu, au akikonda, au akianza kutapika, arudi mbio, asingoje Sabato."

Niliuambia ukuta yote. Niliposema "kona" nilimsikia Mzee akivaa kofia, na alikuwa bado amelala.

Zamu yangu haikuwa na kicheko. Daktari aliniuliza kama panachoma nikiwa na njaa. Panachoma. Nameza nini? Nikamwonyesha vidonge. Akavishika kama mtu anayeshika mkia wa panya. "Hivi na chai tupu, kila siku? Mama, umejichonga tumbo mwenyewe. Hivyo ni vidonda, au viko njiani." Akaniuliza kama nimeona choo cheusi kama lami, au nimetapika damu, au kitu kama unga wa kahawa, kwa sababu hapo mtu anavuja ndani na ni safari ya hospitali kubwa saa hiyo hiyo. Sikuwa nimeona. Akanipa dawa, akaninyang'anya vidonge, akasema nirudi nipimwe vijidudu vya tumbo.

"Na jiwe?" nikauliza. "Huoni hata jiwe kidogo?"

"Jiwe halipo."

"Angalia vizuri."

Akaniuliza kama nimewahi kuanguka au kupigwa pale. Hapana, lakini nilimkumbuka Nyamweya wa machimbo. Aliteleza akaangukia ubavu wa kushoto juu ya jiwe, akainuka akicheka, tukacheka naye. Jioni bega la kushoto likaanza kumuuma, tukalipaka mafuta na kulikanda kwa bidii. Bega lilikuwa halina kosa lolote! Bandama ndiyo ilikuwa imepasuka. Alizimia akiwa anatusifu tunavyokanda. Hospitali ya Kisii walimpasua wakaiondoa, na mpaka leo anakula kuliko sisi wote. Daktari aliposikia hayo akatikisa kichwa. Akasema bandama ikivimba pia, kama kwa malaria ya mara kwa mara, inauma pale pale, na mtu wa namna hiyo asisukume jiwe na ubavu kabisa.

Kwa hiyo mnaona. Mahali padogo kama kiganja, na wapangaji wote hao. Ndiyo maana nikiona mtu anachagua gesi kwenye simu nataka kumpiga na karai.

Tulirudi. Mzee mbele, mimi nyuma. Karibu na karakana alisimama bila kugeuka.

"Njia," akasema, "mwambie yule mama mambo ya dispensari yabaki dispensari."

"Njia," nikajibu, "mwambie tata, baba yetu huyo, mimi sisemi ya mtu. Nasema yangu tu."

Walikuwa wanatungoja. "Haya!" Maranga akasema. "Ni jiwe?"

Ningeweza kusema ndiyo. Mzee asingefungua mdomo, alikuwa mikononi mwangu. Lakini fundi haanzi kazi kwa jiwe lenye ufa. "Yangu si jiwe," nikasema. "Ni vidonge na njaa."

Walipiga makofi, lakini si yale makofi. "Rudi juani, mama!" Nikarudi. Nikachukua panga na kiboko changu, na siku ile nililia, lakini jua lilikuwa kali, hakuna aliyejua maji yapi ni ya nini.

Kesho yake Mzee alikuja na papai. Mafundi walitazamana. Kesho kutwa yake alikuja na papai na mtungi wa maji. Siku iliyofuata, katikati ya kazi, alisimama ghafla, akaweka panga chini kwa adabu, akaelekea nyuma ya migomba. Alikaa huko. Alikaa sana. Maranga alianza kusema pengine tumtume mtu.

Aliporudi alikuwa anatembea kama bwana harusi. Alikaa, akachukua jiwe, akalisukuma chini ya mbavu. Akasita. Akalisukuma tena, kwa nguvu.

"Maranga, njoo unibonyeze hapa."

Maranga akambonyeza.

"Zaidi."

Akabonyeza kwa ngumi.

"Hakuna," Mzee akasema polepole. "Imeisha. Mafundi, sina ubavu."

Mapanga yote yalinyamaza. Maranga, ambaye mdomo wake hutangulia kichwa, akacheka, "Basi sheria ni sheria, Mzee. Utatoka nje."

Alikuwa anatania. Lakini Mzee Ombati hakuwahi kutaniwa kuhusu sheria. Alikusanya panga lake, tupa, mtungi na papai. Akatoka chini ya paa alilolisimamisha kwa mikono yake, akaja juani, akakaa hatua za heshima kutoka kwangu, akanipa mgongo. Akaanza kuchonga.

Saa sita gari la wanunuzi lilisimama. Walimtafuta Mzee chini ya paa, hawakumwona. Wakamfuata juani, na njia ya kumfikia ilipita penye viboko vyangu. Mmoja akainama. "Huyu kachongwa na nani?"

Nikasema, "Kemunto." Mara ya kwanza jina langu kutamkwa pale. Na Mzee, bila kugeuka, akaliambia jiwe lake kwa sauti ya kufika Nyamira, "Jiwe, waambie waangalie masikio. Hayo si vijiko."

Walinunua kwetu, wakaondoka bila kukanyaga kivulini. Keshoye mafundi wawili walitoka wakidai ubavu umewapoa usiku. Kufikia Ijumaa chini ya paa alibaki Maranga peke yake, ameshika ubavu wake, akisema sisi wote ni wagonjwa wa jua.

Jioni hiyo mvua ya kwetu ikaja na mawe yake, tukakimbilia ndani wote, mafundi, wanagenzi, wanawake wa msasa na makarai yao vichwani. Hakuna aliyemuuliza mwenzake kama panauma. Mimi nilishika pembe ile, Mzee hii.

"Sogeeni!" Maranga akapiga kelele kutoka katikati. "Mnanibana ubavu!"

"Upi?" Mzee akauliza.

"Wa kushoto!"

"Kesho, dispensari," Mzee akasema. "Na ujibu maswali yote."